Marehemu, hayati, au jina tupu

SALUMU: Haya karibuni tena, ni sisi walewale, na leo tuna mambo matano ya mwandishi aliyefiwa, tumeyaandika kwenye karatasi kabisa tusije tukapotea. Ila dada Rehema umeingia hapa macho mekundu. Kuna nini?

REHEMA: Prufu zimerudi.

SALUMU: Za riwaya?

REHEMA: Za riwaya, zile kurasa za kukagua kabla kitabu hakijachapwa. Zimekuja Jumatatu kwa imeili, nikafungua nikijua naenda moja kwa moja sura ya kumi manake ndo yenye matatizo, sikufika huko. Nimegota kwenye tabaruku, ule mstari wa mwanzo wa kumtunukia mtu kitabu. Mimi niliandika "Kwa marehemu mama, na kwa kaka yangu," halafu jina lake, basi. Mhariri kaongeza neno moja kabla ya kaka. Marehemu. Kaliweka kwa ile rangi nyekundu, kwa nia njema kabisa, simlaumu, ndo kazi yake. Lakini nina siku tatu naangalia ukurasa wenye mstari mmoja tu. Na kesho jioni natakiwa nirudishe.

SALUMU: Kwa mama uliliandika mwenyewe.

REHEMA: Mwenyewe, bila kuwaza. Mama tulimuuguza, tukaagana, kila mtu akapata neno lake. Kaka alienda kulala.

SALUMU: Pole sana dada.

REHEMA: Ahsante.

SALUMU: Sasa naomba niseme kitu, na usinikasirikie. Wewe unaitwa Rehema.

REHEMA: Usinianzie.

SALUMU: Rehema, marehemu! Mzizi mmoja huo, tumeupokea kutoka Kiarabu, marehemu ni aliyerehemiwa. Jina lako limo ndani ya neno unalolikataa.

REHEMA: (anacheka) Nilijua. Nilijua utaleta hilo, hata njiani nimejiambia Salumu ataleta hilo.

SALUMU: Nimekaa nalo tangu ulipotuma ujumbe jana! Na kama hulitaki hilo, liko hayati.

REHEMA: Hayati ni ya marais na wazee wa taifa bwana, kaka angecheka mpaka akae chini.

SALUMU: Lakini lenyewe maana yake nini? Uhai. Kiswahili kimechukua neno la uhai kikamvika mtu aliyefariki.

REHEMA: Hilo ni kweli. Na fariki nayo ukiichunguza ni kuachana, kutengana, ndo maana tunasema kufariki dunia, mtu kaachana na dunia. Ametutoka, ameaga, ametangulia. Umeona? Ametangulia, yaani na sisi tuko njiani nyuma yake. Yote ni maneno ya safari. Kufa peke yake ndo halina nguo. Sura ya kumi niliandika "alikufa alfajiri", mhariri kabadilisha kuwa "alifariki", nimelirudisha. Sikutaka mtu asafiri pale, nilitaka msomaji asimame.

SALUMU: Kwa hiyo kwenye hadithi unataka neno kali kuliko yote, na kwenye tabaruku hutaki neno lolote.

REHEMA: Eeh. Manake kwenye hadithi namwambia msomaji kilichotokea. Kwenye tabaruku naongea na kaka.

SALUMU: Turudi kwenye karatasi au tuendelee hapahapa?

REHEMA: Ngoja kwanza, hujajua kwa nini. Kaka alikuwa anasoma mswada. Nilimchapia, manake skrini zilikuwa zinamuumiza macho, na alikuwa na penseli. Yeye hakuwa mtu wa kuandika maoni marefu, sehemu aliyoipenda anaweka nukta pambizoni, ndogo, unaweza kudhani ni uchafu wa mashine. Sasa ukurasa wa 143, mstari wa tatu kuna nukta, halafu chini kidogo kaanza kuandika neno. Herufi moja. H. Baada ya hapo kurasa zote ni safi mpaka mwisho.

SALUMU: H.

REHEMA: H. Hapa? Hapana? Hongera? Hii siielewi? Tangu mwezi wa nne nimeusoma ukurasa ule sijui mara ngapi, nimebadilisha sentensi nikazirudisha, kwa sababu ya herufi moja. Sasa mtu wa hivo mimi nikimwandika marehemu ni kama nasema ameshamaliza kusoma, na hajamaliza.

SALUMU: (kimya) Nakuelewa. Ila sikubaliani na wewe, na naomba niseme vizuri. Marehemu si lebo ya kubandika mtu. Ni dua. Kila anayelitamka, hata mtangazaji wa habari anayesoma harakaharaka, anamwombea yule mtu rehema, ajue asijue. Kitabu chako kitasomwa na watu wangapi? Kila atakayefungua ule ukurasa angemwombea kaka yako bila hata kumjua, na wewe unamfungia mlango.

REHEMA: Simfungii mtu mlango. Dua ni ya kwangu na Mungu, haihitaji prufu.

SALUMU: Na unaomba?

REHEMA: Swali gumu hilo.

SALUMU: Ndo maana nauliza.

REHEMA: Siombi. Nikifumba macho maneno hayaji, yanakuja yale ya kukariri tu, nayasikia kama anaongea mtu mwingine. Lakini nikifungua laptopu saa kumi alfajiri yanakuja. Kwa hiyo kwangu mimi sa hizi kuandika ndo dua iliyobaki. Siachi imani, usinielewe vibaya, nimebaki na mlango mmoja na naingilia huohuo.

SALUMU: Hapo siendi na wewe. Kuandika kuna msomaji, kuna mhariri, kuna watu watakaosema sura ya kumi ni ndefu. Dua ina msikiaji mmoja.

REHEMA: Haya, Dostoevsky, yule mwandishi Mrusi. Mwaka 1878, mwezi wa tano, kafiwa na mwanawe mdogo, Alyosha, hajafika hata miaka mitatu, kwa kifafa, na kifafa baba mwenyewe alikuwa nacho. Fikiria baba anajua mtoto kakitoa wapi. Mwezi uliofuata akaenda kwenye monasteri ya Optina, akaonana na mzee wa kiroho anaitwa Amvrosy, akarudi na maneno ya faraja kwa mkewe Anna. Halafu akaandika riwaya yake ya mwisho, The Brothers Karamazov, ikakamilika 1880, na shujaa wake anaitwa nani? Alyosha. Kijana wa miaka ishirini. Mtoto hakufika mitatu, baba kamfikisha ishirini! Hakumwandika marehemu, kampa mwili, kampa nguo, kamtembeza. Hiyo si dua?

SALUMU: Nimeisoma hiyo, na humo humo kuna mama anakuja kwa mzee wa monasteri analia, mwanawe kafa akiwa amebakiza miezi mitatu atimize mitatu. Mzee hamwambii anyamaze, anamruhusu alie. Halafu anamuuliza jina la mtoto, mama anasema Alexei, ambaye ndo Alyosha, na mzee anaahidi kumkumbuka kwenye sala. Kwa hiyo mwandishi kamfufua mtoto kwenye ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa mwingine kampeleka kwa mtu wa kumwombea. Alijua riwaya peke yake haitoshi.

REHEMA: Au alijua sala pia inaweza kukaa ndani ya riwaya. Na Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina kwenye shairi, kamwita kwa jina lake, anaongea naye kabisa.

SALUMU: Na kwenye shairi hilohilo anamwombea pepo!

REHEMA: Anamwombea, ndiyo, lakini anaongea NAYE.

SALUMU: Dada, mimi baba yangu nilimwita "baba" tu mwaka mzima. Ukiniuliza nakwambia baba anapenda hiki, baba hataki kile, kama yuko chumba cha pili. Siku niliposema marehemu baba kwa mara ya kwanza, tena mbele ya karani tu, nilikuwa najaza fomu, nililia upya mpaka yule karani akaacha kalamu. Ila tangu siku ile ndo nikaanza kumwombea. Kabla ya hapo nilikuwa namsubiri.

REHEMA: (kimya kirefu) Mimi bado namsubiri.

SALUMU: Najua.

REHEMA: Na sitaki mhariri ndo aniambie niache.

SALUMU: Hilo nakubali, lisitoke kwa mhariri. Lakini nakwambia neno lenyewe ni zuri, ni lako mpaka kwenye jina, na nitalisema tena wiki ijayo.

REHEMA: Sema. Sitaliweka.

SALUMU: Tuna dakika mbili.

REHEMA: Mbili? Na karatasi?

SALUMU: Karatasi iko hapa, haijaguswa. La kwanza lilikuwa la mwandishi C. S. Lewis, mkewe alifariki 1960, mwaka uliofuata akatoa kitabu cha majonzi yake kwa jina la N. W. Clerk, na tulitaka tuulize kama mwandishi ana haki ya kujificha kwenye msiba wake mwenyewe. La pili hadi la tano sisomi hata vichwa vyake.

REHEMA: La tatu nililiandika mimi, lilikuwa zuri.

SALUMU: Litakuwepo. Prufu je? Kesho jioni si iko palepale?

REHEMA: Nawaza nimpigie mhariri.

SALUMU: Saa tatu usiku hii?

REHEMA: Basi nimwandikie.

SALUMU: Umwambie nini?

REHEMA: Aniachie mpaka Jumatatu. Na anitumie ukurasa wa 143 peke yake, mkubwa, niuchape.