Juu, Si Kaskazini: Tunaisoma Flatland

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Rehema, niko na mwenzangu Mwalimu Salum, na leo mwalimu kaja studio na sarafu mkononi.

SALUM: Nimekuja nayo makusudi, dada Rehema. Hamjambo nyote mnaotusikiliza. Kama uko nyumbani, chukua sarafu uiweke katikati ya meza. Ukiitazama kwa juu, unaona duara. Sasa inama polepole mpaka jicho lako liwe sawasawa na ubao wa meza. Duara limekwenda wapi? Unaona kijistari tu. Kata pembetatu ya karatasi, kata mraba, viweke hapo hapo: vyote vinakuwa mistari. Jaribio hili limo katika kurasa za mwanzo za kitabu cha leo.

REHEMA: Kitabu ni Flatland, kilichotoka London mwaka 1884. Jina la mtunzi lililochapwa lilikuwa "Mraba". Nyuma ya Mraba huyo alikuwapo Edwin Abbott Abbott, kasisi wa Kianglikana na mkuu wa City of London School, shule aliyoiongoza tangu 1865 hadi 1889. Alibobea katika lugha za kale, akaandika sarufi ya Shakespeare mwaka 1870 na vitabu vingi vya dini. Asquith, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1908, alipita mikononi mwake.

SALUM: Kwa hiyo hakuwa mtu wa hisabati kwa kazi. Alikuwa mwalimu, na inaonekana. Kila wazo analipitisha polepole, hatua kwa hatua.

REHEMA: Tupeleke sasa katika nchi yenyewe.

SALUM: Nchi ina urefu na upana, haina kimo. Watu wake ni maumbo. Askari na vibarua ni pembetatu zenye pande mbili sawa na ncha kali. Wafanyabiashara ni pembetatu zenye pande tatu sawa. Wasomi na waungwana ni miraba na pembetano, na msimulizi wetu yuko kundi hilo. Kuanzia pembesita kwenda mbele ni watu wakubwa. Pande zikizidi kuwa nyingi na fupi hata umbo lisitofautiane na duara, huyo ni kasisi, na makasisi ndio watawala.

REHEMA: Na mtoto wa kiume wa mraba anazaliwa pembetano, mjukuu anakuwa pembesita. Ukoo unapanda.

SALUM: Unapanda, lakini angalia. Hakuna mtawala ambaye kweli ni duara. Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa kale, alipoitafuta thamani ya pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, alichora umbo la pande 96, akaonyesha kwamba pai iko kati ya 3 10/71 na 3 1/7. Unaweza kuongeza pande maisha yako yote, duara kamili hulifikii. Kule Flatland, kwa adabu tu, Duara Mkuu anahesabiwa kuwa na pande 10,000.

REHEMA: Na hakuna anayethubutu kuzihesabu!

SALUM: Hakuna. Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi na pale bado pananistaajabisha. Sentensi moja ya hisabati, na ndani yake umeshaelewa utawala mzima unasimama juu ya nini.

REHEMA: Mimi kinachonikaa moyoni ni habari ya watoto wa vibarua. Mara chache sana pembetatu yenye pande mbili sawa huzaa mtoto mwenye pande tatu sawa. Sherehe inafanyika, wazazi wanapongezwa. Halafu mtoto anachukuliwa, anapewa familia ya pande tatu sawa isiyo na watoto, na familia hiyo inaapishwa kwamba mtoto hatakanyaga tena kwao wala kuwatazama ndugu zake. Eti asije akawaiga bila kujua, akarudi alikotoka.

SALUM: Na wazazi wanaona fahari, japo wana huzuni.

REHEMA: Wanaona fahari kwelikweli, na hapo ndipo Abbott anaponichoma. Mraba anaeleza waziwazi kwamba tumaini hilo dogo ndilo linalowatuliza vibarua wasiasi. Kila mmoja anangoja bahati yake.

SALUM: Wale wasiopata bahati, baadhi yao wanafungwa shuleni ili watoto wa tabaka la kati wajifunze kupima pembe kwa kuwapapasa. Shule zenye uwezo haziwalishi. Mwezi ukiisha wanaletwa wengine.

REHEMA: Mraba anayataja hayo kama mtu anayeeleza bei ya chaki. Na hapo, mwalimu, tuje kwa wanawake.

SALUM: Tuje.

REHEMA: Wanawake wa Flatland ni mistari minyoofu. Kule akili ya mtu inapimwa kwa ukubwa wa pembe yake. Mstari hauna pembe, kwa hiyo, asema Mraba, mwanamke hana akili. Na kwa kuwa ukimkabili kwa ncha humwoni ila kama nukta, na anaweza kukutoboa ukafa, ametungiwa sheria. Nyumba ina mlango wake upande wa mashariki, wanaume wanaingilia magharibi. Akitembea hadharani sharti apaze sauti ya amani bila kukoma, la sivyo adhabu ni kifo. Na kusoma amekatazwa kwa miaka kama 300.

SALUM: Walikuwapo waliomshutumu Abbott wakati ule ule kwamba anawadharau wanawake. Toleo la pili, mwaka huo huo wa 1884, lilibidi liwe na dibaji ya kujibu.

REHEMA: Mtunzi na msimulizi ni watu wawili, na ninaomba msikilizaji alishike hilo. Abbott alikuwa mtetezi wa elimu ya wasichana. Girton, chuo cha wanawake, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1882 ndipo sheria ya Uingereza ilipompa mke haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe. Na mwaka 1884, kitabu kinatoka, Bunge linapanua haki ya kupiga kura kwa wanaume wengi zaidi, na hakuna mwanamke hata mmoja anayeingizwa. Hoja za kwamba wanawake ni hisia tupu zilikuwa zikisemwa na watu wenye heshima zao. Abbott amezichukua akaziweka kinywani mwa mraba.

SALUM: Kuna ile sehemu ya lugha mbili.

REHEMA: Ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mbele ya wanawake, wanaume wanasema "upendo", "wajibu", "huruma". Wakibaki wenyewe kwa wenyewe, upendo unaitwa kutarajia faida, na wajibu unaitwa ulazima. Mtoto wa kiume analelewa na mama katika lugha ya kwanza, kisha anapelekwa shule kuisahau. Mraba analalamika kwamba jambo hilo linawachosha akili vijana. Anaona mzigo wa wanaume tu, na hata hivyo ameshatufunulia kila kitu.

SALUM: Hapo kejeli imekamilika.

REHEMA: Hapo, ndiyo. Lakini simwachii Abbott kila kitu. Katika kitabu kizima hakuna mwanamke anayepandishwa juu kuona ulimwengu mwingine. Ameiona dhuluma, ila safari yenyewe amewapa wanaume.

SALUM: Nakubali. Ila usisahau kwamba Tufe, yule mgeni wa umbo la mpira anayemtembelea Mraba baadaye, linamwambia kuwa kule kwao juu, wengi wenye hekima wanayathamini mapenzi ya moyo kuliko akili, na mistari inayodharauliwa kuliko maduara yanayosifiwa.

REHEMA: Sijasahau. Ni sentensi nzuri, na ni fupi mno.

SALUM: Haya, Tufe. Ni siku ya mwisho ya mwaka 1999 wa kalenda yao. Usiku uliotangulia Mraba ameota ndoto: ameingia nchi ya mstari mmoja, watu wote wako kwenye foleni isiyo na pembeni. Mfalme wao hawezi kuelewa "kushoto" ni wapi. Mraba anapita ndani ya mstari ule ili amwonyeshe, na mfalme anaona kitu kimetokea ghafla na kutoweka. Mraba anakereka, anamtukana mfalme kwa ujinga wake.

REHEMA: Kesho yake zamu yake inafika.

SALUM: Fikirini chungwa linalozamishwa polepole ndani ya beseni, na wewe unaishi kwenye uso wa maji tu. Kwanza unaona nukta. Kisha duara dogo, linakua, linafika upana wake wote, linaanza kupungua, nukta, basi. Hivyo ndivyo Mraba anavyomwona mgeni ndani ya nyumba iliyofungwa milango. Tufe linamwambia: nimetoka juu. Mraba anauliza: kaskazini? Maana kwake hakuna mwelekeo mwingine. Tufe linatoa kitu ndani ya kabati lililofungwa bila kufungua kabati. Linamgusa tumboni, kwa ndani. Hoja zote zinashindikana mpaka linapomng'oa na kumpandisha.

REHEMA: Naye anaiona nyumba yake kwa juu, kila chumba wazi, na kila mtu ndani yake wazi mpaka matumbo.

SALUM: Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo Mraba anapokuwa mwanahisabati hasa. Anasema: nukta ikisogea imefanya mstari wenye ncha 2. Mstari ukisogea umefanya mraba wenye pembe 4. Mraba ukipanda juu umefanya mchemraba wenye pembe 8. Basi mchemraba ukisogea upande ambao hatuujui, patakuwa na pembe 16. Na mipaka: nukta haina, mstari una nukta 2, mraba una mistari 4, mchemraba una nyuso 6. Kinachofuata?

REHEMA: Nane.

SALUM: Michemraba 8. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, ndivyo ilivyo katika hisabati ya leo. Hajakiona kitu hicho na hatakiona, lakini amekihesabu. Basi anamwomba mwalimu wake, Tufe, ampeleke huko, dimensheni ya nne, yaani mwelekeo wa nne zaidi ya urefu, upana na kimo. Tufe linajibuje?

REHEMA: Linaghadhibika. Hakuna nchi kama hiyo, wazo lenyewe haliwezekani. Halafu linamtupa chini.

SALUM: Linasema yale yale ambayo Mraba alimwambia Tufe, na mfalme wa mstari alimwambia Mraba. Ndiyo maana siwaelewi wanaokigawa kitabu hiki, nusu kejeli na nusu hisabati. Kutoamini kwamba kuna upande mwingine na kutoamini kwamba kibarua ana akili ni ugonjwa mmoja. Na hata aliyetoka juu anaugua.

REHEMA: Duara Mkuu wa Flatland anatoa amri: atakayefundisha habari ya dimensheni ya tatu akamatwe. Mraba ana mjukuu, pembesita mdogo mwenye akili nyingi. Siku ile kabla ya Tufe kuja, mtoto huyo ndiye aliyeuliza: kama tatu mara tatu ni eneo la mraba, tatu mara tatu mara tatu ni umbo gani? Babu alimwita mjinga. Sasa babu amerudi na jibu, anaanza kumfundisha, na nje mpiga mbiu anapita akisoma amri. Mtoto ananyamaza mpaka mbiu iishe, kisha anaangua kilio: babu, nilikuwa natania tu, sikusema lolote, na wewe hukusema lolote, kitu kitapandaje juu kisiende kaskazini?

SALUM: Mtoto aliyeuliza swali bora kuliko wote, hofu imemfikia.

REHEMA: Na Mraba anaandika kitabu chake gerezani, mwaka wa saba, hajapata mfuasi hata mmoja.

SALUM: Kitabu chenyewe nacho kilikaa pembeni miaka mingi. Einstein alikamilisha nadharia yake ya uhusianifu wa jumla, inayouhesabu wakati kuwa dimensheni ya nne, mwaka 1915, kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919 kukaiunga mkono, na Februari 1920 barua iliyochapwa katika jarida la Nature ikawakumbusha wanasayansi kwamba kuna kasisi aliyeandika habari za dimensheni tangu zamani. Abbott alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1926.

REHEMA: Kwa anayetaka kuanza, mwalimu, unashaurije?

SALUM: Ni kitabu chembamba chenye sehemu mbili, na hakimiliki yake imekwisha, kinapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza. Ukiona sehemu ya kwanza inakuchosha, ruka uanze na Tufe.

REHEMA: Mimi nasema usiruke! Bila kuijua ile milango ya mashariki na wale vibarua wa shuleni, hutaelewa kwa nini Duara Mkuu aliogopa neno "juu".

SALUM: Basi anza na ya kwanza, lakini usiache sarafu mbali. Wiki ijayo tutarudi kwenye yale mapinduzi ya rangi, tuliyoyapita leo bila kuyagusa, pale kibarua alipojipaka rangi za mtu wa pande 12 akamwoa binti wa mkubwa.

REHEMA: Tukutane wiki ijayo.