Muziki Uje Baada ya Chai: Mazungumzo na Wauza Vitabu Wenzangu, Nakuru

Habari zenu wenzangu. Hii maiki naiweka chini, mnanisikia huko nyuma? Poa. Sauti yangu imezoea kuita wateja juu ya kelele za tuktuk, haihitaji msaada. Nimetoka Kisumu alfajiri na matatu ya Kericho, na pale kwa majani chai baridi imeniingia mpaka magotini, halafu nikifika mkaniwekea kiti karibu na mlango, asanteni sana, Nakuru mna ukarimu wenu.

Niliitwa niongee kuhusu hizi jioni za waandishi na muziki tunazofanya dukani. Aliyenipigia simu aliniambia, dada, njoo utupe siri. Siri hakuna, kuna hasara tu, na hasara zangu nimeziandika kwa daftari, nimekuja nalo, hili hapa, lina doa la chai kila ukurasa.

Wengi wenu mmezeekea kwa hii biashara kama mimi, kwa hivyo sina haja ya kuwaeleza Januari ilikuwa nini. Mzazi anakuja na listi ya shule, anajishikilia kaunta kama mtu anapimwa presha, unamfungia vitabu, anatoa pesa huku analalamika, kwisha, na hiyo pesa ya Januari inakulipia kodi mpaka Aprili. Halafu 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada shuleni moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Sitaki kuingia kwa hiyo siasa, mtoto wa kijijini kupata kitabu bila babake kuuza kuku ni jambo jema, lakini mimi nilibaki na duka limejaa kalamu na hewa. Riwaya zilikuwa rafu ya nyuma huko, na tayari tangu 2013 kitabu kinatozwa VAT ya asilimia 16, kwa hivyo mtu akigeuza riwaya aone bei anairudisha polepole kama ameshika yai la mtu.

Ndio nikajiuliza, mtu mzima asiye na mtoto wa shule, ataingia kwangu kutafuta nini?

Sasa kwetu hii kitu ya kukusanya watu kwa sababu ya hadithi haikuanza na mimi. Asenath Bole Odaga, mwandishi, alianzisha Lake Publishers pale Kisumu mwaka 1982, na alikuwa na duka la vitabu aliloliita Thu Tinda. Kwa wale hamsikii Kijaluo, thu tinda ndiyo maneno ya kufungia hadithi. Mswahili anafungua na paukwa pakawa, Mjaluo akimaliza anasema thu tinda, na mimi nikue mrefu kama mti wa kwa mjomba. Na hizo hadithi zilikuwa zinatolewa kwa siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambapo wasichana walikuwa wanalala. Fikirieni hiyo nyumba kidogo. Hakuna hotuba ya mgeni wa heshima, hakuna kiti cha mbele. Kuna bibi mmoja, moto, na watoto wanamkatiza, bibi kwani fisi alipitia wapi, bibi jana ulisema alikuwa sungura.

Hiyo ya kumkatiza ndiyo mimi niliisahau.

Jioni yangu ya kwanza niliifanya kama harusi. Nilikodi viti 60. Nikachukua spika mbili za kijana mmoja ambaye kazi yake kubwa ni matanga, spika za kuita watu kutoka kijiji cha pili, nikaziweka ndani ya chumba ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa rafu zote mbili. Bendi ya benga, watu wanne. Mwandishi, mwalimu wetu mmoja mpole sana, nikamwambia aandae kitu, na yeye akaandaa kweli, kurasa kumi na nne, akazisoma zote, saa nzima na dakika kumi, watu 22 wamekaa kwa viti 60 wanaangalia mgongo wa simu zao. Alipomaliza bendi ikaanza na hapo ndipo sherehe ilifika, watu wa boda wakasimamisha pikipiki nje, mama wa njugu akaacha karai akaingia kucheza, mimi nikafurahi nikajua nimeshinda. Ilipofika saa tatu kila mtu akakimbilia matatu ya Mamboleo na ya Kondele. Mwalimu alikuwa amewekewa meza pale mlangoni, amepanga vitabu vyake 30 vizuri, kalamu mkononi, kama mtu wa kuandikisha michango ya matanga, na watu wanampita wakimwambia hongera mwalimu, hongera sana. Aliuza vitabu vitatu. Kimoja nilinunua mimi.

Nilikaa na hilo daftari usiku huo. Viti, spika, bendi, chai, sukari, kijana wa kupanga, ukijumlisha ilikuwa elfu kumi na saba na ushenzi. Na kilichoniuma zaidi ya pesa ni yule mwalimu akifunga vitabu vyake kwa katoni, anapanga taratibu, haniangalii.

Nikafanya mara ya pili vilevile, maana binadamu ni mgumu kusikia. Ya tatu ndiyo nikabadilisha mpangilio, nikaanza na meza. Niliitoa mlangoni nikaiweka katikati ya chumba, na muziki nikausukuma nyuma ya chai. Yaani iko hivi: wimbo mmoja tu wa kuanzia, mfupi, wa kuwaambia walio nje kwamba tumeanza. Halafu mazungumzo, dakika 40, na anayeongea na mwandishi awe mtu amesoma kitabu chote, tafadhali, si emsii. Halafu chai, dakika 25, bila haraka, birika zimewekwa kwa makusudi upande wa pili wa meza ya vitabu ili hakuna mtu anafika kwa mandazi bila kuvipita. Ndio sasa muziki. Mtu anajua wimbo unakuja kwa hivyo haendi nyumbani, ana kikombe mkono mmoja, mkono mwingine hauna kazi, utamwona unatembea wenyewe mpaka kwa kitabu, na akishafungua mwandishi yuko hapo mbele yake na kalamu, atamrudishia aje machoni? Jioni hiyo walikuja watu 31. Tuliuza vitabu 19. Spika hazikuwepo.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa spika. Tulikuwa tumemwalika jaduong' mmoja mpiga nyatiti, mzee wa heshima zake. Mnaijua nyatiti, ala ya Kijaluo ya nyuzi nane, mpigaji anakaa chini kabisa kwa kistuli, kidole gumba cha mguu kina pete ya chuma inaitwa oduong'o anagongea nayo ubao wa nyatiti yenyewe, na mguuni kuna gara, njuga, kwa hivyo mtu mmoja ni bendi nzima. Nilikuwa nimemtengea nafasi katikati ya rafu za riwaya, nikaona itatoka picha nzuri. Mzee akakaa. Akavuta uzi mmoja, akanyamaza. Akavuta tena, sikio ameinamisha. Akageuka akaangalia zile rafu kushoto na kulia akaniambia, nyathina, yaani mwanangu, hizi karatasi zako zinakunywa sauti. Akainua kistuli chake akahamia upande wa kaunta kwa ukuta mtupu, ule ambao rangi imebambuka nilikuwa nimeuficha na kalenda, akaupa mgongo, akavuta uzi uleule, na jamani chumba kizima kililia. Miaka yote hiyo nakaa humo ndani sikuwahi kujua ukuta wangu mbaya ndio mzuri. Siku hizi hata mwandishi namkalisha pale, na maiki niliacha kukodi.

Kwa hivyo kabla mtu hajawauzia spika, pigeni makofi kila pembe ya duka. Mtasikia wenyewe.

Na si kila muziki unaingia ndani. Kijana wangu wa dukani ni Mluhya wa Kakamega, akaniambia tulete isukuti, hiyo ngoma iko kwa orodha ya UNESCO ya vitu vya kulindwa haraka tangu 2014, na mimi kichwa ngumu nikasema sawa. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe, na njuga, na watu ambao hawajui kucheza wakiwa wamesimama mahali pamoja. Kamusi zilishuka kutoka rafu ya juu. Sitasema zaidi. Isukuti ni ya uwanjani, muikubali hivyo muende nayo uwanjani.

Haraka haraka mambo ya sheria, maana najua kuna mtu ataniuliza. Muziki hadharani una leseni, ya vyama vya kukusanya mirabaha ya wasanii, vile vinavyosimamiwa na KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, na haijalishi kama ni bendi au ni redio ya kaunta. Kelele zina kanuni za NEMA, watu wa mazingira, za 2009. Ongea na kaunti mapema, halafu ongea na jirani wa ghorofani mapema zaidi, huyo ndiye ana simu ya askari.

Pesa. Msanii alipwe, na alipwe siku hiyohiyo kabla hajafunga vyombo, mbele ya macho yake, kwa M-Pesa, usimwambie tutakutangaza, jina halinunui unga. Mwandishi nampa nauli na chakula, vitabu analeta yeye tunaandikiana vimeingia vingapi, vikibaki anarudi navyo, kwa kila kilichouzwa duka linabaki na asilimia 30. Kiingilio ni shilingi 200, na ukinunua kitabu hiyo 200 inatolewa kwa bei. Mwanzoni ilikuwa bure na watu walikuwa wanasema wanakuja halafu hawaji, bure haina uchungu. Mtu akishatoa mia mbili anakuja hata na mafua, akifika anaanza kupiga hesabu aiokoe vipi.

Mvua sasa. Nyinyi hapa sijui, lakini ya kwetu inapenda jioni, inakuja saa kumi na moja ikikimbia, na duka langu ni mabati. Kuna dada mmoja mshairi alikuwa anasoma, mvua ikaanguka, tukaona midomo yake inaenda tu. Mtaniambia labda ilikuwa nzuri, tulisogeana, tukaimba. Hapana. Tulikaa dakika 40 tunaangaliana, chai ikapoa, watu wakaanza kuondoka na magazeti kichwani, nikarudisha viingilio 17 na dada wa watu akapanda tuktuk amelowa. Tangu hapo Aprili na Mei sipangi kitu. Na taa ya nje nazima kabla giza halijaingia, kwa sababu wale wadudu wa ziwani tunawaita sami wakiona taa wanakuja maelfu, utawatoa kwa chai na kijiko.

Saa mbili kasoro nafunga. Hata wimbo uwe mtamu namna gani, nafunga, kwa sababu mama anayeenda Nyamasaria akikosa matatu leo, mwezi ujao hatakuja, na pia hataniambia kwa nini.

Nilikuwa na jambo lingine hapa limeandikwa, sasa hili doa la chai limekaa juu yake... itanijia. Haya, maswali, na mnikatize vile mnataka. Wewe mama wa leso ya kijani, umeinua mkono tangu kwa isukuti.