Giaboksi Haijui Kwamba Injini Imeongezwa Nguvu

Mafundi wenzangu, habari za jioni. Pokeeni hii pleti ya klachi, mpitishiane. Inuseni kwanza kabla ya kuiangalia.

Pleti hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu nikiwa gereji huko Marekani. Ilitoka kwenye 47RE, giaboksi ya otomatiki ya gia nne ambayo Dodge waliifunga kwenye pikapu yao ya Ram, nyuma ya injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9. Mwaka 1999 injini hiyo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 215. Mwenye gari aliongeza kisanduku cha umeme kinachoamuru pampu imwage dizeli zaidi. Gari likawa jepesi, akafurahi sana. Haikupita hata miezi miwili, likaja likivutwa.

Sote gerejini tulisema giaboksi hizi ni mbovu, na mimi nikiwemo. Tulikosea.

Sikilizeni. Pleti za otomatiki hubanwa na presha ya oili. Kwenye 47RE kuna kebo inayotoka upande wa pedali ya mafuta hadi kwenye vali ndani ya giaboksi. Ukikanyaga, kebo inavuta, presha inapanda, pleti zinabanwa zaidi. Maana yake giaboksi inakadiria mzigo kwa kufuata mguu wa dereva! Kinachotoka kwenye injini haikijui. Sasa weka kisanduku: mguu uko pale pale, presha ni ile ile, lakini nguvu inayopita imezidi. Pleti zinaanza kuteleza, kidogo tu, dereva wala hasikii. Kuteleza kunazaa joto, joto linaunguza oili na kukausha sili, yaani zile pete za kuzuia oili isivuje, sili zikikauka presha inavuja, na presha ikivuja pleti zinateleza zaidi. Giaboksi ile ilikufa hivyo.

Kwa hiyo naanza na presha, kabla sijagusa kitu kingine. Kebo irekebishwe sawasawa. Haina gharama, na inaniuma kuona mafundi wakiiruka. Kisha bodi ya vali, ile sehemu inayogawa oili ya presha ndani ya giaboksi, ifanyiwe kazi ili presha ya msingi ipande. Gia zitaingia kwa mshtuko kidogo. Mwambie mteja mapema, asije akadhani umemharibia.

Baada ya hapo, konveta, kile chombo chenye oili kinachopitisha nguvu kutoka injini kwenda giaboksi. Ndani yake mna klachi inayofunga injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza. Ya kiwandani ina pleti moja, na ukivuta trela mlimani kwa nguvu iliyoongezwa, inashindwa. Zipo konveta za pleti tatu, na hizo ndizo ninazofunga. Lakini msidanganyike kununua konveta ya gari la mashindano la petroli. Cummins hii inasukuma kwa nguvu zaidi kwenye mizunguko 1,600 hivi kwa dakika. Konveta inayosubiri mizunguko 3,000 ndipo ishike itakuachia joto tupu.

Hapo ndipo wengi wanasherehekea mapema. Maana pleti zikiacha kuteleza, nguvu haina tena pa kupotelea, inakwenda yote kwenye shafti ya kuingizia, ile inayopokea nguvu kutoka konveta na kuiingiza kwenye giaboksi. Tazameni hii hapa mezani: imekatika kama muwa. Zamani pleti zilikuwa zinaiokoa kwa kuungua zenyewe. Ukifunga konveta ya pleti tatu kwenye gari la nguvu nyingi, funga na shafti ya chuma kigumu zaidi siku hiyo hiyo, usingoje kushusha giaboksi mara ya pili.

Kipoza oili kikubwa zaidi, nacho ni lazima. Sitakizungumzia sana.

Kile kisanduku cha umeme cha kuongeza dizeli ndicho cha mwisho. Kabla ya kukiwasha, funga geji kwenye tundu la presha la giaboksi, kanyaga taratibu, uone kama presha inapanda pamoja na mguu. Geji ninayo hapa, na gari liko nje. Kijana uliyekaa pale mlangoni, chukua spana, tutangulie.