Shoka la Kuazima

UPENDO: Karibuni. Leo mimi na kaka Yona tumewaandalia mafunzo matatu: mana, kunguru wa Eliya, na sarafu kinywani mwa samaki.

YONA: Dada, kabla ya mana. Jumanne kichwa cha shoka kilinichomoka. Na shoka lenyewe la kuazima.

UPENDO: La kuazima! Ya 2 Wafalme 6 hayo.

YONA: Ndiyo hayo. Mwana wa manabii, yaani mwanafunzi wao, anakata mti kando ya Yordani, chuma kinatumbukia majini, na kinachomliza ni kwamba kitu ni cha watu.

UPENDO: Ulililoweka? Wengi hulitia kwenye ndoo likalala humo.

YONA: Wasiloweke! Mti ukinywa maji unavimba, chuma hakiachii, nyuzi za mti zinapondeka. Ukikauka unalegea kuliko mwanzo. Dawa ni kabari. Tundu la shoka ni pana zaidi juu. Chonga mpini uingie kwa kubana kutokea chini, na kwenye ncha yake pasua ufa wa kina cha thuluthi mbili za tundu. Ndani ya ufa huo inaingia kabari ya mti mgumu, mkavu kabisa.

UPENDO: Kichwa unakipigilia?

YONA: Hukigusi! Ning'iniza shoka hewani, kichwa chini, kitako cha mpini juu. Gonga kitako kwa nyundo ya mti. Ko, ko, ko. Kila ukigonga, chuma kinapanda.

UPENDO: Kinapanda?

YONA: Kinapanda, mbele ya macho yako. Mungu mcheshi, dada.

UPENDO: Hapo sikubaliani nawe. Chuma ni kizito, kinabaki palepale, mti ndio unaoshuka.

YONA: Na huo uzito kaumba nani?

UPENDO: Yeye, lakini si kwa mzaha. Kumbukumbu la Torati 19:5 inamtaja mtu anayekata kuni, chuma kinachomoka, kinamuua mwenzake. Kichwa kulegea ni damu ya mtu. Na yule kijana wa Yordani alikuwa na deni. Aliyoyapata ni rehema.

YONA: Rehema ingetosha kwa shoka jipya. Kwa nini nabii Elisha akate kijiti, akitupe, chuma kielee? Halafu kijana anaambiwa aokote mwenyewe!

UPENDO: Aokote, ndiyo. Acheke, haikuandikwa.

YONA: Sara alicheka.

UPENDO: Sara, si Mungu.

YONA: Jina Isaka, "anacheka", alilitoa nani? Mwanzo 17:19.

UPENDO: Mungu. Na bado nasema mtu anayelia hachekewi.

YONA: Hachekewi. Anachekeshwa.

UPENDO: Hapana, kaka.

YONA: Ndiyo, dada.

UPENDO: Muda umetuishia na mana hatujaigusa.

YONA: Wala kunguru! Ndege najisi kwa Mambo ya Walawi 11, ndio waliompelekea nabii mkate na nyama...

UPENDO: Usianze! Malizia shoka, kuna mtu ameshika nyundo anakusubiri.

YONA: Mpini utokeze juu ya tundu kama milimita 5, usiukate sawa na chuma. Kichwa kikishakaa, gonga kabari mpaka sauti ibadilike iwe kavu, ndipo uache. Kesho yake shika kichwa ukitikise. Kikicheza hata kidogo, ng'oa kabari, weka nene zaidi.

UPENDO: Na la kuazima?

YONA: Limesharudi kwa mwenyewe.