Mwamba Ngoma na Mnunuzi wa Ngozi: Mazungumzo ya Kabla ya Idd

ZUHURA: Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mama. Wasikilizaji, asalaam aleikum. Tuko barazani kwangu, Bagamoyo. Mkisikia mtu anagonga huko nyuma, ni kijana wangu anachonga gogo la chapuo, ile ngoma ndogo.

ZUHURA: Tumwache aendelee, kazi yake imo ndani ya mada ya leo. Idd ya kuchinja inakaribia. Nyama itagawiwa, pilau litapikwa, na ngozi nyingi zitaishia shimoni. Hili linaniuma, mjomba, kwa sababu mimi ndiye ninayepita mitaani kuzikusanya. Nikifika alasiri nakuta ngozi imelala kwenye tope na damu tangu asubuhi, imekunjwa kama tambara, imetobolewa mara nne tano. Alfajiri mbuzi yule alikuwa na ngozi nzima kabisa.

MJOMBA: Na joto letu hili. Ngozi mbichi sehemu kubwa yake ni maji, ndiyo maana inaoza haraka kuliko watu wanavyodhani. Ukiiacha imekunjamana kwa muda wa saa tatu, nne, shika manyoya kwa vidole viwili uvute kidogo. Yakikufuata mkononi, uozo umeshaingia, na hakuna chumvi ya kuurudisha nyuma.

ZUHURA: Kipimo hicho ndicho cha kwanza ninachofanya. Vidole kwanza, macho baadaye.

MJOMBA: Tuanze basi na kisu, maana hasara ya kwanza iko hapo. Vijana wanachuna mbuzi kwa kisu mwanzo mpaka mwisho, na wanapenda kisu chenye ncha kali. Kisu ni cha kufungulia tu: mstari mmoja ulionyooka katikati ya tumbo, toka shingoni hadi mkiani, na mistari ya ndani ya miguu. Baada ya hapo mtundike kwa miguu ya nyuma, weka kisu pembeni, tumia ngumi. Unaisukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, ngozi ya mbuzi inaachia yenyewe mwili ukiwa bado una joto. Akipoa utahangaika, na ukihangaika utarudi kwenye kisu.

ZUHURA: Wasikilizaji, mnunuzi anaigeuza ngozi upande wa nyama na kuiinua kwenye mwanga. Tundu ataliona. Lakini hata pale kisu kilipokwaruza bila kutoboa ataona pia, kwa sababu pale ngozi imebaki nyembamba, na kiwandani itachanika palepale. Ngozi ya mbuzi si pana. Tundu moja katikati ya mgongo linakula sehemu ambayo fundi angekatia kiatu.

MJOMBA: Kwangu mimi tundu moja katikati, basi tena. Ngoma haina kiraka.

ZUHURA: Sasa tufike kwenye kuwamba, yaani kuinyosha ngozi kwenye fremu ikauke, maana hapa mimi na wewe hatukubaliani.

MJOMBA: Kwenye kuwamba tunakubaliana. Hatukubaliani kwenye chumvi.

ZUHURA: Haya, eleza.

MJOMBA: Ukishaiosha ngozi damu na kuiparua mabaki ya nyama na mafuta, usiitandaze chini. Wala juu ya bati. Tafuta miti minne, funga fremu kubwa kuliko ngozi yenyewe. Toboa vitundu vidogo ukingoni, upana wa kidole toka pembeni, kisha pitisha kamba. Kamba ya mkonge inafaa sana, haitelezeshi fundo, na ndugu zetu wa Tanga wanayo ya kutosha. Anza shingoni na mkiani, ndipo uende miguuni, halafu mbavuni. Kila ukivuta kulia, vuta na kushoto. Tuna methali yetu, mwamba ngoma huvutia kwake. Watu wanaisema kwa mambo ya ubinafsi, lakini mimi naisikia kama onyo la fundi. Ukivutia kwako tu, ngozi inakwenda upande, inakauka imepinda, na upande mmoja unakuwa mwembamba.

ZUHURA: Na kuna wanaoivuta kwa nguvu zote wakidhani ikiwa pana nitawalipa zaidi. Ngozi mbichi inakubali kuvutwa, inapanuka kweli. Lakini inapokauka huwa inajikaza, na tumboni, ambapo ni nyororo toka asili, inabaki kama karatasi. Mimi nikigusa tumbo najua. Ivute mpaka mikunjo iishe, uiachie hapo.

MJOMBA: Fremu iwekwe kivulini, upepo upite pande zote mbili. Siku mbili, tatu, unyevu ukiwa mwingi hata nne. Idd kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, sasa hivi imetuangukia mwishoni mwa masika, kwa hiyo usitegemee hewa kavu. Weka fremu chini ya makuti, mbali na mvua.

ZUHURA: Mjomba, naomba niwasimulie lile la bati. Mwaka mmoja, nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii, nilinunua mzigo wa ngozi zilizokaushwa juu ya mapaa. Zilikuwa ngumu, safi, rangi ya dhahabu. Nikajiona nimepata. Nikazipeleka kwa mfanyabiashara mkubwa, akazipokea, nikarudi nyumbani nimefurahi. Baada ya wiki kadhaa akanipigia simu. Zilipolowekwa, zilianza kumeguka, sehemu nyingine zikawa utelezi kama gundi. Jua na bati vilikuwa vimezipika. Nilirudisha pesa yote. Ngozi iliyopikwa na jua haijionyeshi ikiwa kavu, inajionyesha ikipata maji. Tangu siku hiyo nauliza kwanza ilikaukia wapi, na asiyeniambia sinunui.

MJOMBA: Pole mama. Lakini ulijifunza mapema.

ZUHURA: Chumvi sasa.

MJOMBA: Mimi chumvi siitaki. Chumvi inavuta maji hewani. Ngoma iliyowambwa kwa ngozi ya chumvi ikifika usiku, umande ukianguka, inalegea na sauti inazama. Ngoma zetu hata bila chumvi tunazikanza motoni kabla ya kucheza, sembuse yenye chumvi! Atakayeniletea ngozi aniletee iliyowambwa ikakauka kivulini, basi.

ZUHURA: Na mimi ninayepeleka kiwandani naitaka chumvi, hasa kipindi cha Idd ambapo ngozi zinamiminika siku moja na fremu hazitoshi. Pima ngozi ikiwa mbichi, kisha chumvi iwe kama theluthi ya uzito wake au zaidi kidogo. Ngozi ya kilo 2, chumvi ni kati ya gramu 670 na 800. Itandaze upande wa nyama juu, kwenye mbao zilizoinama ili maji yachuruzike, mwagia chumvi, sugua mpaka kwenye pembe za miguu na shingoni. Shingo ni nene, wengi wanaisahau, na uozo unaanzia hapo. Chumvi ya mawe inayotoka kwenye mashamba yetu ya chumvi hapa pwani inatosha, isiwe tu na mchanga.

MJOMBA: Kwa hiyo amua mapema ngozi inakwenda wapi. Ngoma au kiwanda.

ZUHURA: Kuna msikilizaji, kijana wa Pangani, aliona video ya watu wa Kanada wakiwamba ngozi ya fisi maji, akauliza kwa nini tusifanye kama wao. Nimelifuatilia, maana lilinivutia. Wale wanaivua ngozi nzima kama soksi, wanakata toka mguu mmoja wa nyuma hadi wa pili, kisha wanaivuta mpaka kichwani. Fisi maji ana mafuta mengi na utando umeng'ang'ania, kwa hiyo wanaiweka juu ya gogo na kuparua kwa kisu chenye mipini miwili. Halafu wanaivisha kwenye ubao mrefu wenye pua kama ya mtumbwi, manyoya ndani, ngozi nje. Na mkia, mjomba! Wanaupasua mpaka nchani na kuubana na pini ukiwa bapa, kwa sababu ni mnene, ukiachwa mzima unaoza kabla ya kukauka. Mnunuzi wa kule anatazama hata shina la mkia.

MJOMBA: Kama wewe na shingo.

ZUHURA: Kama mimi na shingo. Lakini wao wanauza manyoya, sisi tunauza ngozi yenyewe, ndiyo maana ya kwetu inafunguliwa ikawa bapa. Na nimwambie kijana wazi: huku fisi maji ni mnyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamlinda. Kukutwa na ngozi yake bila kibali ni kesi. Hata Marekani, wanakotega kwa leseni, ngozi ya fisi maji haitoki nchini bila lebo ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ajifunze uangalifu wao, akautumie kwa mbuzi.

MJOMBA: Kabla hatujafunga, lipo la dini, kwa sababu watu wananiuliza. Aliyechinja udhhiya, yaani mnyama wa ibada ya Idd, haiuzi ngozi yake kwa manufaa yake, na mchinjaji halipwi kwa ngozi. Imepokewa toka kwa Sayyidna Ali kwamba Mtume aliamuru nyama na ngozi zitolewe sadaka, na mchinjaji asipewe ujira kutoka humo. Mlipe mchinjaji kwa pesa. Ngozi itumie mwenyewe nyumbani au mpe masikini, na masikini ikishakuwa yake akitaka kuiuza anaiuza.

ZUHURA: Ndiyo maana nasisitiza kisu na kivuli. Mjane akipewa ngozi iliyotobolewa na kuoza, amepewa mzigo wa kwenda kutupa. Akipewa nzima, iliyotiwa chumvi, nikipita namlipa palepale.

MJOMBA: Mimi siku ya Arafa nitakuwa hapa nakata miti ya fremu. Anayetaka kuona fundo linavyofungwa aje baada ya laasiri, na kamba yake.

ZUHURA: Na mimi naleta mzani na gunia la chumvi.