Nyumba mpya, sakafu ya juu inalia: leo tunafunua kapeti

Haya wadau, karibuni tena. Video iliyopita niliwatembeza nyumba nzima, jiko, vyumba, bafu, lakini kwenye maoni mkashikilia kitu kimoja tu: ule mlio. Kila nikipita ghorofani kamera inanasa kwii, kwii. Kuna aliyeandika, "Kaka, umeuziwa nyumba mbovu." Hapana ndugu yangu. Tulia nikuoneshe kilichoko humu chini, ndipo utukane.

Ukisikia ghorofa, wewe unawaza zege, nondo, slabu. Huku juu hakuna zege. Kuna boriti za mbao zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zimeachana sentimita 40 mpaka 60. Juu ya boriti zimefungwa chipibodi, yaani bodi za chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, za unene wa milimita 18 au 22, halafu sponji, halafu kapeti. Upande wa chini wa boriti ndiyo dari ya jipsamu ya sebule. Hapo katikati ni uwazi, na ndimo yanamopita mabomba na nyaya. Hayo mabomba yawekeni akilini, nitayarudia.

Sasa mbao hata iliyokaushwa vizuri, inapofika saiti inakuwa bado na unyevu, mara nyingi asilimia 15 hadi 20 hivi. Nyumba ikishaezekwa, watu wakahamia, mitambo ya joto ikawashwa msimu mzima wa baridi, unyevu unashuka hadi karibu asilimia 10. Mbao inanywea. Na hainywei urefu wa kutajika, inanywea upana na kimo. Boriti ikipungua kimo milimita chache, msumari wenyewe haupungui, umebaki pale pale na kichwa chake. Bodi inabaki inaelea kidogo juu ya boriti. Ukikanyaga inashuka, ukiondoa mguu inapanda, na kila mara tundu la bodi linasugua shingo ya msumari. Mlio wenu ndio huo. Ndiyo maana nyumba inaweza kukabidhiwa kimya kabisa, ikaanza kulia baadaye.

Kuna na sababu nyingine. Hizi bodi zinaingiana pembeni, moja ina ulimi, nyingine ina mfereji, na kwenye maungio hapo fundi anatakiwa apake gundi. Akiwa na haraka anaruka sehemu, basi mbao mbili zinasuguana kavukavu. Na mara nyingine tatizo ni kile kishikio cha chuma kinachobeba ncha ya boriti ukutani: boriti haikukaa chini vizuri, au misumari yake haikutimia.

Kabla hujagusa kitu chochote, soma dhamana yako. Nyumba mpya kwa kawaida huja na kipindi ambacho mjenzi anarudi kurekebisha kasoro. Andika barua, usipige simu tu, na ambatanisha video yenye mlio. Ukijifungulia mwenyewe ukatoboa bomba, nani atakusikiliza? Mimi nimeandika, na leo fundi wao yuko hapa. Hataki sura yake ionekane, kwa hiyo mtaona mikono tu.

Sogea karibu uone. Kapeti halijagundishwa chini. Limenaswa kwenye vipande vyembamba vya mbao vyenye vimisumari vilivyoinama kuelekea ukutani. Unalishika pembeni kwa koleo, unalivuta taratibu, linaachia. Sponji unalikunja. Sasa mtoto anatembea polepole, mimi nimepiga magoti na kiganja changu kimelala juu ya bodi. Msitegemee sikio peke yake, maana sauti inasafiri kwenye bodi ikakupeleka kona siyo. Mkono ndio unahisi bodi ikicheza. Hapo, umeona? Tunaweka alama ya chaki. Ile mistari ya vichwa vya misumari inatuonesha boriti ilipo.

Fundi alitoa nyundo. Nikamwambia kwa heshima zote, mzee wangu, msumari ndio uliotufikisha hapa. Tumekubaliana skrubu. Kwa bodi ya milimita 22, skrubu ya milimita 50 hivi inatosha, na chagua ile ambayo sehemu yake ya juu, chini ya kichwa, haina meno. Ikiwa na meno mwili mzima inaweza kushika bodi na boriti kwa pamoja bila kuzikutanisha, na ule mwanya ukabaki. Inapigwa kando ya msumari wa zamani, sentimita mbili tatu, kichwa kinazama kidogo. Sikiliza... kimya.

Sasa mabomba. Usijidanganye kwamba ukilenga boriti uko salama. Wakati mwingine fundi bomba huchonga mgongo wa boriti akalaza bomba humo, chini kabisa ya bodi. Kifaa cha kutafutia chuma kitaona la shaba, la plastiki huenda kisilione. Kwa hiyo karibu na redieta, kile kifaa cha ukutani kinachotoa joto, na bafuni, skrubu fupi, na ikibidi ikatwe bodi watu waone kwa macho.

Kwenye maungio yanayosuguana, wengine watakwambia nyunyiza poda. Inafanya kazi, kwa muda. Ni ya mpangaji, siyo ya mwenye nyumba. Na mlio unaotokea usiku hakuna anayetembea, joto likiwaka au kuzimwa, hilo ni bomba linatanuka na kusugua mbao. Skrubu hazitasaidia hapo.

Ila sakafu ikiwa inadunda, ukipita vikombe vinatikisika kabatini, hiyo achana na skrubu. Dai mhandisi aje aangalie boriti zenyewe.

Na nyie mnaotaka kujenga juu kwa mbao, mwambieni fundi mapema: mbao iwe imekauka, gundi ipakwe mgongoni mwa boriti na kwenye kila ungio, skrubu badala ya misumari, na bodi ziachwe nafasi ya milimita 10 hivi kutoka ukutani. Kagueni kabla kapeti halijatandikwa, mkiwa na viatu, chumba kwa chumba. Maswali yaacheni hapo chini, ya bafuni nitayajibu kwenye video yake.