Swali la Yohana Kutoka Gerezani

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mmeniita nizungumze juu ya mashaka, na najua wengi mnamtarajia Tomaso. Leo namwacha, amesemwa mno, maskini. Tumtazame Yohana Mbatizaji.

Huyu ndiye aliyemtambulisha Yesu kuwa Mwana-kondoo wa Mungu. Kisha akamkemea Herode Antipa kwa kumchukua mke wa ndugu yake, akatiwa ndani. Mwanahistoria Josephus anaitaja ngome yenyewe, Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Kutoka kifungoni Yohana akawatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu: ni wewe yule ajaye, Masihi, au tumngojee mwingine?

Lisomeni jibu polepole, Mathayo 11. Vipofu wanaona, viwete wanatembea, wakoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa. Mle mna Isaya 35 na Isaya 61. Lakini Isaya 61 inataja pia wafungwa kufunguliwa, na kule Nazareti Yesu mwenyewe alikuwa ametangaza kufunguliwa kwao. Safari hii hakulitaja. Nadhani Yohana, aliyekuwa mfungwa, aliliona pengo hilo upesi kuliko sisi.

Wapo wanaosema Yohana hakuwa na shaka, eti aliuliza kwa faida ya wanafunzi wake. Tafsiri hiyo ni ya kale, ila mimi hainiingii. Yesu aliwaagiza wakamweleze Yohana.

Wala hakumkaripia. Wajumbe walipoondoka, aliuambia umati kwamba katika wazao wa wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko Yohana. Sifa hiyo ilikuja baada ya swali.

Kwetu kipaza sauti hupewa aliyepona, aliyepata kazi, aliyepata mchumba. Yule ambaye kanisa zima lilifunga na kumwombea mamaye, na mama akazikwa, anakaa benchi la nyuma. Akiuliza, anaambiwa imani yake haba. Basi swali analipeleka kwingine, au analimeza. Yohana alilipeleka kwa yule yule aliyemtilia shaka. Imani yake naiona hapo, kwenye anwani ya swali.

Na hakufunguliwa. Alikatwa kichwa. Wanafunzi wake wakamzika, kisha, Mathayo 14 mstari wa 12, wakaenda kumpasha Yesu habari. Wangeweza kurudi makwao.

Haya, mwenye swali asimame. Na tafadhali, asianze kwa kuomba radhi.